Stelingi Hafi: Saw X na Damu Tuliyoiomba

Tahadhari kabla hatujaenda mbali: nitasimulia kisa chote, mpaka mwisho. Kama hujaiona Saw X na unapenda kushtukizwa, kaitazame kwanza kisha urudi. Na kama unasoma hii ukiwa mezani, maliza kula.

Mara ya kwanza kuiona Saw nilikuwa kidato cha pili, kwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu. Bati juu, mabenchi ya mbao, TV ya chogo imepandishwa juu ya kabati, feni moja inayozunguka kwa kujitafakari. Ilikuwa ile ya kutafsiriwa: sauti ya jamaa mmoja imelala juu ya sauti za waigizaji, akituambia nani ni nani na kuongeza chumvi pale alipoona panapwaya. Tulizoea kwamba mtafsiri hanyamazi. Stelingi akipigwa, anampa pole. Adui akidondoka ghorofani, anamuaga. Lakini Dokta Gordon alipochukua ule msumeno na kuuweka juu ya kifundo cha mguu wake mwenyewe, mtafsiri alinyamaza. Banda zima likanyamaza. Ikabaki feni.

Ukimya ule ndio kipimo changu. Tangu wakati huo, kila sehemu mpya ya Saw inapotoka najiuliza kama kuna banda lolote duniani litakalonyamaza namna ile. Kwa hiyo watu wanaponiuliza kama Saw X ya mwaka 2023 inafikia hadhi ya zilizotangulia, nina jibu ambalo kidogo linanisumbua. Inazipita karibu zote. Ile ya kwanza haiifikii. Na kinachoifanya isiifikie ni kilekile kilichonifanya niipende.

Mguu wa kwanza

Turudi nyuma kidogo. Saw ya mwaka 2004 ilitengenezwa na vijana wawili kutoka Australia, James Wan aliyeongoza na Leigh Whannell aliyeandika mswada na kuigiza kama Adam. Walipiga picha kwa siku 18, kwa bajeti ya zaidi kidogo ya dola milioni moja, na filamu ikaingiza zaidi ya dola milioni 100. Wanaume wawili wanaamka kwenye choo kichafu, kila mmoja amefungwa mnyororo mguuni, katikati yao maiti imelala kwenye damu. Kanda inamwambia daktari kwamba asipomuua mwenzake kufikia saa kumi na mbili, mkewe na bintiye watakufa. Wanapewa misumeno ambayo haiwezi kukata chuma. Inamchukua daktari muda kuelewa kwamba misumeno haikuletwa kwa ajili ya minyororo.

Watu wengi wanaikumbuka kama filamu ya damu kupindukia. Itazame tena, utashangaa. Damu ni kidogo. Gordon anapoanza kukata, kamera inatuonyesha ngozi kwa muda mfupi tu, kisha inakimbilia usoni: uso uliopauka, jasho, macho ya mtu aliyesikia familia yake ikipiga mayowe kwenye simu. Mguu tuliukata wenyewe, vichwani mwetu. Na tuliogopa kwa sababu tulikuwa tunamjua mwenye mguu. Alikuwa mume asiyekaa nyumbani, baba anayeaga haraka, daktari anayewazungumzia wagonjwa kama vile hawapo chumbani. Hakuwa mtu mwema sana. Hakuwa mbaya sana pia. Alikuwa kama sisi, na hapo ndipo ilipotubana.

Kuna kipande kifupi mle ambacho wengi wamekisahau. Gordon anawaelezea wanafunzi wake kisa cha mgonjwa mwenye uvimbe usiotibika kwenye ubongo. Mgonjwa mwenyewe amelala pale pale kitandani, anasikia. Mfanyakazi mmoja wa hospitali anaingilia kusema kwamba yule mgonjwa ana jina, anaitwa John. Daktari anapita. Huyo John ndiye John Kramer, ndiye Jigsaw, ndiye "maiti" inayosimama mwishoni na kutufungia mlango. Mbegu ya kila kitu ilipandwa pale kitandani: mtu anakufa, na hakuna anayemtazama. Ilichukua miaka 19 kwa mfululizo huu kurudi kuimwagilia maji.

Stelingi aliyekufa mapema

Katikati hapo kulitokea nini? Biashara. Kuanzia 2004 hadi 2010 zilitoka filamu saba, moja kila mwaka kama mtihani wa darasa la saba, kila Oktoba. Ya pili, ya 2005, bado ilikuwa na akili zake. Ya tatu, ya 2006, ilimuua John Kramer. Hapo mfululizo ulijikata mguu wake wenyewe, kwa sababu ulimuua mtu pekee aliyekuwa na jambo la kusema.

Ila mtaani tunajua kwamba stelingi hafi. Wakamrudisha kwa kisengere nyuma. Ya nne, kisengere nyuma. Ya tano, kisengere nyuma ndani ya kisengere nyuma. Waandishi wakawa kama fundi anayekarabati nyumba kwa kutoboa madirisha kwenye kuta zilizobeba paa. Mitego ikakua, watu wakapungua. Ilifika mahali mtu anafungwa kwenye mashine kabla hujajua hata jina lake, na unachosubiri ni kuona mashine inafanyaje kazi. Hiyo siyo hofu, ni maonyesho ya ufundi. Huwezi kumwogopea mtu usiyemjua. Unaweza kukunja uso tu.

Naondoa moja kwenye lawama hii: ya sita, ya mwaka 2009. Ile ilimkamata bosi wa kampuni ya bima ya afya ambaye kazi yake ilikuwa kuamua kwa hesabu nani atibiwe na nani aachwe, na aliyekuwa amemnyima John nafasi ya kutibiwa. Kwa mara moja mitego ikawa na hoja. Aliyeiongoza ni Kevin Greutert, ambaye kabla ya hapo alikuwa mhariri wa zile tano za mwanzo. Kumbuka jina hilo. Baada ya ya saba mfululizo ukapumzika, ukarudi 2017 na Jigsaw, ukarudi tena 2021 na Spiral, na mara zote mbili nilimaliza nikiwa na hisia ya mtu aliyealikwa kwenye harusi akakuta viti tu.

Ndipo akaitwa Greutert.

Mgonjwa kabla ya muuaji

Saw X inajipenyeza kati ya ya kwanza na ya pili. Yaani John yuko hai, anaumwa, amepewa miezi. Tobin Bell alikuwa na miaka 81 filamu ilipotoka, na uso wake unaonyesha, japo kihadithi ni kipindi kifupi tu baada ya matukio ya 2004. Kuna waliolalamikia hilo. Mimi naona uzee ule umeisaidia filamu. Unamwona mtu aliyechoka kweli, mwenye mikono inayofanya kazi polepole, anayeandika wosia wake kwa utaratibu wa fundi.

Mwanzoni kuna mtego mmoja wa macho na vidole, mbaya, wa kukuridhisha kama ulilipia damu. Mfanya usafi wa hospitali anataka kuiba mali ya mgonjwa. Tunaona anavyoadhibiwa. Kisha tunagundua kwamba yote yalikuwa kichwani mwa John, amesimama mlangoni akimtazama. Yule bwana anarudisha alichotaka kuchukua, John anaondoka. Kipande hiki kinachekesha, lakini pia ndicho chenye ukweli kuliko vyote kwenye mfululizo mzima. Nani kati yetu hajawahi kusimama mahali, akamtazama mtu, na kumjengea mtego kichwani?

Baada ya hapo, kwa muda mrefu, hakuna damu. Nasisitiza: filamu ya kumi ya Saw inatumia karibu theluthi yake ya kwanza kumfuatilia mzee anayetafuta matibabu. Anakaa kwenye kikundi cha wagonjwa wa kansa. Anakutana na mwenzake aliyekuwa hoi, siku nyingine anamkuta mzima, na huyo anamwelekeza kwenye tiba mpya ambayo kampuni kubwa za dawa eti hazitaki ijulikane. Iko Mexico. Inaendeshwa na Cecilia Pederson, anayechezwa na Synnøve Macody Lund kwa upole wa kutisha. John anasafiri. Wanampokea vizuri. Wanamlaza, wanampasua, anaamka na bendeji kichwani, anaambiwa uvimbe umeondoka.

Kwa furaha anachora. Anamtengenezea baiskeli mtoto wa jirani, Carlos. Kisha ananunua chupa ya tequila kwenda kumshukuru Gabriela, mmoja wa waliomhudumia. Anafika, nyumba ni tupu. Anapita chumba kwa chumba. Anakuta video ya upasuaji wa mtu mwingine, ile waliyomwonyesha kwenye skrini kana kwamba ni ubongo wake. Anafungua bendeji. Chini yake hakuna jeraha.

Jogoo

Niliitazama nyumbani kwa dada yangu, watoto wakiwa wamelala. Ilipofika kipande cha chupa ya tequila, dada alichukua rimoti akasimamisha picha. Akasema neno moja: "Jogoo."

Mjomba wetu aliugua kansa ya koo nikiwa chuo. Hospitali walimwambia ukweli, na ukweli ulikuwa mfupi. Mfa maji haachi kutapatapa. Mtu akamwelekeza kwenye kituo kimoja cha tiba, sitasema wapi. Kilikuwa na makoti meupe, vipeperushi vya rangi, na kimashine chenye taa ambacho eti kilisoma mwili mzima kupitia kiganja cha mkono. Mjomba aliuza kiwanja. Wakampa chupa, wakampa unga, wakamwekea mashine. Na jamani, alipata nafuu. Au alijipa nafuu, sijui tofauti. Alianza kula ugali tena. Alicheka. Mwezi wa pili akaniambia, "Mjomba, twende tukawashukuru wale watu, siyo vizuri kunyamaza," akamkamata jogoo wake mkubwa, mwekundu, tukapanda naye daladala.

Tulikuta kufuli. Mama wa chapati aliyekuwa jirani pale alisema walihama Jumanne usiku na kirikuu mbili. Mjomba alisimama na jogoo kwapani kwa muda mrefu, halafu akasema, "Huenda wamepata eneo kubwa zaidi." Tukarudi na jogoo wetu. Mjomba alikufa baada ya miezi minne. Jogoo alikuwa bado anawika arobaini ilipofika.

Sasa utaelewa kwa nini siwezi kuizungumzia filamu hii kama mtu baki. Na pia utaelewa ninachomaanisha nikisema kipande kile kimepikwa sawasawa. Wengine wangetaka John agundue kwa kishindo, kwa upelelezi, kwa mtu kuteleza ulimi. Greutert na waandishi wake walielewa kwamba uchungu wa tapeli hauko kwenye pesa. Uko kwenye shukrani. Uko kwenye zawadi uliyobeba mkononi. Hilo halikuhitaji tone la damu, na hakuna kitu katika filamu zile nyingine kilichonigusa hivyo.

Mguu wa pili

Halafu mitego ikaanza, na nikafurahi.

Ngoja niseme vizuri. Sikufurahi kama mhakiki anayefurahia kazi nzuri. Nilifurahi kama mtu. John na Amanda, mwanafunzi wake anayechezwa tena na Shawnee Smith, wanawakusanya matapeli mmoja baada ya mwingine. Valentina, aliyejifanya muuguzi, anafungwa kitini na waya wa kukatia. Anatakiwa ajikate mguu, kisha bomba lifyonze uboho wa kutosha kabla muda haujaisha. Kamera haikimbilii usoni kama ilivyofanya kwa Gordon. Inabaki pale pale. Tunaona waya ukiingia, tunaona unapofika mfupani, tunasikia. Anaukata mguu mpaka unatoka. Uboho hautoshi. Muda unaisha, na waya mwingine unamkata shingo.

Nilijikuta nimesema kwa sauti, "Aaah, safi."

Dada alinitazama. Akasimama, akaenda jikoni kuchemsha maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, maana hili ndilo jibu la swali letu. Filamu mbili, miguu miwili. Wa 2004 hatukuuona, tukaogopa mpaka mtafsiri akakosa maneno. Wa 2023 tuliuona wote, nyama na mfupa, tukashangilia. Ufundi umeongezeka, hilo halina ubishi. Ule mguu bandia umetengenezwa na watu wanaojua kazi. Lakini tofauti haiko kwenye ufundi. Gordon alijikata akijaribu kuwaokoa mkewe na mtoto. Valentina anajikata kwa sababu tumeshaambiwa anastahili. Filamu imetumia nusu saa nzima, na tequila, na baiskeli, na bendeji, kuhakikisha kwamba muda wa damu ukifika tutakuwa tumeshaiomba. Saw ya kwanza ilituweka kwenye mnyororo. Saw X inatuweka kwenye kiti cha hakimu, kiti laini, chenye mto.

Na Valentina alifanya alichoambiwa! Alijikata mguu. Kanuni ya John siku zote ni kwamba yeye haui, anatoa nafasi, anayetaka kuishi kweli ataishi. Huyu alitaka. Alipungukiwa sekunde na mililita. Kwenye Saw III kuna kesi nzima juu ya mitego isiyo na njia ya kutoka, na Amanda ndiye mshtakiwa. Hapa mtego wa mwalimu mwenyewe unakaribia kosa lilelile na hakuna anayemshtaki. Filamu inapita, kama Dokta Gordon alivyopita kitandani.

Papa na dagaa

Kuna jambo jingine, na kwa mtu anayefanya kazi chumba cha habari halikwepeki. Hebu hesabu waliokufa. Valentina, aliyekodiwa acheze uuguzi. Mateo, aliyekodiwa acheze udaktari. Anatakiwa ajitoe kipande cha ubongo wake mwenyewe, anachelewa, anaungua uso. Gabriela, mtumiaji wa dawa za kulevya, ananing'inizwa mbele ya mionzi na kupewa nyundo avunje mkono na mguu wake ili ajinasue. Anavunja. Anashuka, ameungua lakini hai, ameshinda. Cecilia anamvunja shingo.

Na Cecilia? Mwenye mradi? Aliyepokea pesa? Yeye na mpenzi wake Parker wanageuza meza, wanachukua fedha, na kwa kuzichukua wanaamsha mtego wa mwisho: chumba kinajaa gesi, tundu la kupumulia ni la kichwa kimoja. Anamuua mpenzi wake, anatoa kichwa, anapumua. Tunamwacha pale, hai.

Hapa nyumbani tuna usemi wa siku nyingi kuhusu vita dhidi ya ufisadi: dagaa wanakamatwa, mapapa wanapita. Sikutegemea kuukuta Mexico. Vibarua wote ni Wameksiko maskini, na miili yao ndiyo inayofunguliwa mbele yetu kwa undani. Bosi, mgeni aliyekuja na jina la baba yake na lugha ya kitaalamu, ndiye anayebaki na ngozi yake. Kama filamu ingekuwa inalijua hilo, kama ingetaka tulione, ingekuwa kubwa. Nadhani inamhifadhi tu kwa ajili ya sehemu nyingine.

Ipo dakika moja inapokaribia. Amanda, ambaye naye aliwahi kuwa mtumwa wa dawa za kulevya, anamtazama Gabriela na kujiona mwenyewe. Anasita. Anamwombea kwa John: huyu alitumika tu, huyu ni mgonjwa. John hakubali. Shawnee Smith anacheza pale kwa macho tu, na kwa muda huo mfupi unamwona John kwa namna nyingine: mzee mgonjwa aliyeumizwa kwa sababu hakuna aliyemtazama kama mtu, sasa naye hataki kumtazama mtu. Hiyo ndiyo filamu niliyoitaka. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na pale ndipo John alipaswa kuanza kuteleza.

Badala yake wanaleta mtoto. Carlos, yule wa baiskeli, anaburutwa ndani na Cecilia na kufungwa pamoja na John kwenye ubao unaopanda na kushuka huku damu ikiwamwagikia usoni. John anajaribu kuubeba mzigo ili mtoto apumue. Mtoto naye anajaribu kumwokoa mzee. Sikatai, nilishika moyo. Lakini tazama kazi ya kipande kile. Kabla ya hapo tulikuwa tumeanza, kupitia macho ya Amanda, kumuuliza John maswali. Baada ya hapo hatuwezi tena. Amelowa damu kwa ajili ya mtoto, ametakaswa. Ule muziki wa Charlie Clouser unaanza, ule unaotuambia tangu 2004 kwamba sasa mafumbo yanafumbuliwa, na safari hii haufumbui fumbo lolote juu yake. Unampigia makofi. Anatoka nje na Amanda na mtoto, stelingi kamili.

Basi, inafikia?

Nikizipanga zote kumi kwa ubora, Saw X naiweka ya pili, nyuma ya ile ya kwanza, na pengo kati yake na ya tatu kwenye orodha yangu, ambayo ni ile ya sita, ni kubwa. Imeigizwa vizuri kuliko zote. Imerudisha mtu mahali palipokuwa na mashine. Imemkumbuka mgonjwa aliyelala kitandani wakati anazungumziwa, na ikampa nusu filamu nzima ya kuwa binadamu. Kama ulikata tamaa na mfululizo huu kwenye ya nne au ya tano, rudi. Tazama ya kwanza, ruka katikati, gusa ya sita ukipenda, kisha hii. Baada ya orodha ya waigizaji kuanza kupita usizime, kuna kipande kidogo mle kwenye choo cha zamani, pamoja na yule aliyempeleka John Mexico.

Ila haiifikii ya kwanza, na sidhani kama ilitaka kuifikia. Ya kwanza ilijua kwamba anayejipa kazi ya kuwafunza wengine thamani ya uhai ni mtu wa kuogopwa, hata akiwa na sababu, hasa akiwa na sababu. Ya kumi imempa sababu nzuri kiasi kwamba ikasahau kumwogopa. Ilinipeleka mpaka mlangoni pa kitu fulani ndani yangu, kile kilichosema "safi," kisha ikanipigapiga mgongoni na kuniambia hakuna shida.

Orodha ilipoanza kupita, dada alirudi na vikombe viwili vya chai. Nikamwuliza kwa nini aliondoka, wakati yeye ndiye aliyemwuguza mjomba kuliko sisi wote, yeye ndiye aliyepaswa kuwachukia wale watu zaidi.

"Mdogo wangu," akasema, "mimi sikuwahi kutaka wakatwe miguu. Nilitaka warudishe hela ya kiwanja, halafu waje wamwambie mwenyewe, uso kwa uso, kwamba walimdanganya. Wakae pale kitandani waseme."

Alikunywa chai yake. Nikafikiria hiyo filamu: wale watu wote watano kwenye chumba cha mjomba, pale Mbagala, wamekaa kwenye mkeka, hakuna mnyororo, na mzee amewageukia anawasikiliza. Nadhani banda lingenyamaza.